Nasibu, Bahati na Majaaliwa: Imani za Dadu katika Michezo ya Kuigiza ya Mezani

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi, bahati haina sifa nzuri. Mtunzi anayemnusuru mhusika wake kwa sadfa hushutumiwa kuwa ameshindwa kuujenga msuko kwa mantiki ya chanzo na tokeo. Msimamo huu una mizizi mirefu. Aristotle, katika maelezo yake kuhusu sanaa ya ushairi, alishikilia kwamba matukio ya hadithi yanapaswa kutokea kwa sababu ya yale yaliyotangulia, wala si baada yake tu. Hata hivyo, ni Aristotle huyo huyo aliyetaja kisa cha sanamu ya Mitys mjini Argos, ambayo ilimwangukia na kumwua mtu aliyekuwa amesababisha kifo cha Mitys. Sanamu haina nia wala kumbukumbu. Lakini kwa kuwa tukio hilo linafanana na jambo lililokusudiwa, Aristotle aliona kwamba linaamsha mshangao mkubwa kuliko sadfa tupu.

Makala haya yanachunguza aina ya usimulizi ambamo matukio kama hayo si ya nadra, bali ndiyo msingi wa utunzi wenyewe. Aina hiyo ni michezo ya kuigiza ya mezani, ambayo mfano wake mashuhuri ni Dungeons & Dragons ya Marekani. Katika michezo hii, mambo mengi yanayompata mhusika huamuliwa kwa kurusha dadu. Wachezaji, wakiwemo wale wanaozijua vyema kanuni za hesabu, wamejulikana kwa imani nyingi kuhusu dadu hizo. Aghalabu imani hizo huelezwa kuwa ni mzaha usio na madhara, au ni kosa la kufikiri. Makala haya yanadai kwamba maelezo hayo hayatoshi. Imani za dadu ni nadharia ya msuko iliyoundwa na wasimulizi wasio na mtunzi mkuu. Kwa imani hizo, tukio lisilo na nia hupokewa na kuingizwa katika hadithi kana kwamba lilikuwa na nafasi yake tangu mwanzo.

Suala la Istilahi

Neno linalotumiwa kwa kawaida kueleza imani za aina hii ni ushirikina. Neno hili lina uzito wa kidini, kwani linatokana na dhana ya kumshirikisha Mungu na kitu kingine. Kwa hivyo halifai sana kueleza tabia ya mchezaji anayekataa kumwazima mwenzake dadu. Kiswahili kina msamiati mwingine unaofaa zaidi kwa uchunguzi huu, nao ni nasibu, bahati na majaaliwa.

Ingawa maneno haya huchanganywa katika mazungumzo ya kila siku, yanaweza kutofautishwa kwa manufaa ya uhakiki. Jambo linalotokea kwa nasibu limetokea tu. Halina mwenyewe wala halimlengi yeyote. Bahati, kinyume chake, ina mwenyewe. Husemwa kwamba fulani ana bahati, na methali inaonya kwamba bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Nuksi, mkosi na kisirani nazo zina wenyewe vivyo hivyo. Majaaliwa yanapita hatua hiyo, kwa sababu yanahusisha nia: kilichojaaliwa kimepangwa, na ufuatano wa matukio unasomeka kama njia iliyokuwa ikielekea mahali fulani. Hoja ya makala haya inaweza kuelezwa kwa maneno hayo matatu. Dadu hutoa nasibu. Imani za wachezaji huigeuza nasibu kuwa bahati. Usimulizi nao huigeuza bahati kuwa majaaliwa.

Mchezo na Usimulizi Wake

Dungeons & Dragons ilichapishwa mwaka 1974 na kampuni iliyoanzishwa katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Watunzi wake, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoka katika jamii ya watu waliocheza vita kwa vinyago vidogo juu ya meza. Jambo jipya walilolianzisha ni kwamba mchezaji hakuongoza tena jeshi zima. Alishika nafasi ya mhusika mmoja mwenye jina, nguvu na udhaifu, na mhusika huyo aliweza kuishi kutoka kikao hadi kikao kwa miezi na hata miaka.

Muundo wa kikao unamkumbusha msomaji wa fasihi simulizi mambo anayoyafahamu. Kuna msimamizi anayeieleza mandhari na kuwasemea wahusika wadogo. Nafasi yake inakaribiana na ile ya fanani. Kuna wachezaji wachache wanaomsikiliza na kumjibu, lakini hao si hadhira tu, kwa kuwa kila mmoja huamua mhusika wake atasema na kutenda nini. Tofauti kubwa na utambaji wa ngano ni kwamba fanani wa ngano anaujua mwisho. Anaweza kurefusha, kufupisha na kupamba kulingana na hadhira iliyopo, lakini zimwi litashindwa. Katika mchezo wa mezani hakuna anayeujua mwisho. Mchezaji husema kwamba mhusika wake anaruka korongo. Msimamizi humwambia arushe dadu ya pande 20 na kwamba anahitaji 11 au zaidi. Dadu ikisimama kwenye 4, mhusika huanguka, na wote waliopo wanalazimika kuendelea na hadithi kutoka hapo.

Inafaa kutaja kwamba katika miaka ya 1980 mchezo huu ulishambuliwa nchini Marekani na watu waliouhusisha na uchawi na ibada ya shetani. Mwaka 1983 Patricia Pulling, aliyekuwa amefiwa na mwanawe kwa kujiua mwaka uliotangulia, alianzisha kundi la kuupinga. Toleo la mwaka 1989 lilikwepa hata majina ya kawaida ya mashetani. Kuna kejeli katika historia hiyo. Wakosoaji waliutafuta uchawi ndani ya visa, ambako mizimu na wachawi walikuwa wahusika wa kubuni tu, mithili ya majini wa hekaya za kale. Hawakuzitazama dadu zilizokuwa kando ya karatasi, ambako imani za kweli, japo ndogo, zilikuwa zikichipuka.

Imani Zenyewe

Imani zinazosimuliwa na wachezaji ni nyingi, lakini zinaweza kuwekwa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza linahusu umiliki. Dadu ya mtu haiguswi na mwingine bila ruhusa, kwa hofu kwamba bahati yake itaondoka au itachafuliwa. Wapo wanaonunua dadu mpya kwa kila mhusika mpya, na wanaozistaafisha dadu za mhusika aliyefariki. Kundi la pili linahusu mafunzo na adhabu. Dadu iliyotoa namba ndogo mfululizo huwekwa katika kikombe au kisanduku kinachoitwa jela, ikakaa humo hadi itakapojirekebisha. Wengine huzitia katika friji, na wapo walioiponda dadu moja kwa nyundo mbele ya wenzake ili ziogope. Kundi la tatu linahusu hesabu ya namba zilizobaki. Kuna wanaorusha dadu nyingi kabla ya mchezo, wakazitenga zile zilizotoa 1, wakazirusha tena, na kuzihifadhi zile zilizorudia 1 kwa imani kwamba zimekwisha kuzimaliza namba mbaya.

Kwa kanuni za hesabu, imani hizi hazina msingi. Dadu haikumbuki. Kila urushaji wa dadu nzima ya pande 20 una uwezekano wa asilimia 5 kwa kila upande, hata kama namba 1 imetokea mara tatu mfululizo. Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini nuksi huonekana kuwa ya kweli: mtu akirusha dadu hiyo mara 20, kuna uwezekano wa karibu asilimia 36 kwamba hatapata 20 hata mara moja. Katika kila kundi, basi, hakosekani mtu ambaye jioni nzima imemwendea kombo.

Jambo linalostahili kuzingatiwa na mhakiki ni kwamba imani hizi zinapingana waziwazi. Mchezaji mmoja huziacha dadu zake zikionyesha 20, ili zizoee kusimama hivyo. Jirani yake huziacha zikionyesha 1, ili asiitumie 20 bure. Wote wawili hukaa meza moja bila ugomvi. Kama imani hizi zingekuwa madai kuhusu namna vitu vinavyofanya kazi, mmoja angetaka kumthibitishia mwenzake kwamba amekosea. Wapo kweli wanaolichukulia suala hili kama la ufundi. Mtengenezaji wa dadu Lou Zocchi alijulikana kwa hoja yake kwamba dadu zinazosuguliwa kiwandani ili zing'ae hupoteza usawa wa pande zake, na wengine huzielesha dadu katika maji ya chumvi ili kuona kama zina upande mzito. Lakini huo ni upimaji, nao humalizika kwa jibu. Jela ya dadu haitafuti jibu. Inatoa hadithi: ya dadu iliyoasi, ikaadhibiwa, kisha ikatubu au ikazidi kukaidi. Dadu imefanywa mhusika.

Udhaifu wa Maelezo ya Kijamii

Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu imani za namna hii ni ya Malinowski. Katika insha yake ya mwaka 1925 alionyesha kwamba wavuvi wa visiwa vya Trobriand hawakutumia uganga walipovua ndani ya wangwa uliotulia, bali walipotoka kwenda bahari kuu penye hatari na mavuno yasiyotabirika. Henslin (1967) aliona jambo linalokaribiana na hilo miongoni mwa madereva wa teksi wa St. Louis waliocheza kamari: walirusha dadu kwa upole walipotaka namba ndogo, na kwa nguvu walipotaka namba kubwa. Fine, aliyeshiriki katika makundi ya wachezaji jimboni Minnesota na kuchapisha utafiti wake mwaka 1983, aliwatazama wachezaji hao kama jamii yenye utamaduni wake.

Tafiti hizi zina manufaa, lakini hazifikii kiini cha suala. Mvuvi wa Trobriand anaweza kufa maji. Dereva wa St. Louis anaweza kupoteza mshahara wake. Mchezaji wa Dungeons & Dragons hapotezi fedha wala uhai. Hofu yake ni ya nini? Jibu haliwezi kutafutwa nje ya usimulizi. Anachoweza kupoteza ni mhusika: mtu wa kubuni aliyemlea kwa muda mrefu, ambaye wenzake wanamjua na ambaye mambo yake hayajakamilika. Zaidi ya hayo, anaweza kumpoteza kwa njia isiyo na maana. Shujaa wa utendi akifa, kifo chake hutayarishwa, hutabiriwa na huombolezwa. Mhusika wa mezani anaweza kufa kwa kuteleza ngazini. Hatari inayozikabili dadu, basi, ni hatari ya kifasihi, na ndiyo sababu kinga yake nayo ni ya kifasihi.

Caillois na Ndoa Iliyokatazwa

Mwananadharia ambaye kazi yake inalihusu suala hili moja kwa moja ni Roger Caillois. Katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu michezo na binadamu, aliigawa michezo katika makundi manne: ushindani, nasibu, uigaji na kizunguzungu. Katika mpango wake, baadhi ya makundi yanaweza kuungana, lakini nasibu na uigaji haviungani. Sababu yake ni kwamba anayejisalimisha kwa nasibu hungoja tu uamuzi, naye hawezi kuihadaa kwa kujifanya mtu mwingine. Caillois pia aliona kwamba kila kundi lina upotovu wake linapotoka nje ya mipaka ya mchezo, na upotovu wa nasibu ni ushirikina.

Miaka 16 baada ya kitabu hicho, Dungeons & Dragons iliviunganisha viwili hivyo. Mchezaji anaiga, naye anajisalimisha kwa dadu, katika kikao kimoja na mara nyingine katika sentensi moja. Je, Caillois alikosea? Jibu la haraka lingekuwa ndiyo. Lakini ukichunguza kwa makini utaona kwamba alichokitaja kuwa kizuizi kipo kweli. Uigaji unadai kwamba tendo litokane na mhusika alivyo: shujaa ashinde kwa ushujaa wake. Nasibu haimjui shujaa wala mwoga. Dadu inapomwangusha mpiga upinde hodari kwa kumpa 1, panatokea ufa kati ya yule anayesimuliwa na lile lililotokea.

Ni katika ufa huo ndipo imani za dadu zinapofanya kazi. Mchezaji anayesema kwamba dadu yake ina kinyongo, au kwamba mhusika wake ana mkosi na maji, amekwisha kulipa tukio mwenyewe. Nasibu imekuwa bahati mbaya ya mtu fulani. Kikao kinachofuata, mhusika akikataa kuvuka mto, hakuna atakayeuliza sababu; mkosi umekuwa sifa yake, na sifa imekuwa chanzo cha tendo jipya. Kwa njia hii, kile ambacho Caillois alikihesabu kuwa upotovu kinaonekana kuwa kiungo. Bila imani za aina hii, nasibu na uigaji vingebaki vimekaa bega kwa bega bila kusemezana.

Hata watazamaji hushiriki katika ugeuzaji huo. Mwaka 2015 mwigizaji Wil Wheaton alipokuwa mgeni katika Critical Role, kipindi ambacho waigizaji wa sauti hucheza mbele ya watazamaji wa intaneti, alirusha namba mbaya kwa wingi kiasi kwamba hadhira ilizungumzia laana ya dadu zake. Kihesabu, jioni kama hiyo lazima impate mtu fulani. Kisimulizi, imempa mtu halisi sifa ya mhusika.

Nasibu Inapokuwa Msuko

Mfano ulio wazi zaidi unapatikana katika kanuni za toleo la mwaka 2014 kuhusu mhusika aliye mahututi. Kila zamu yake inapofika, mchezaji hurusha dadu ya pande 20. Namba 10 na zaidi ni ushindi mmoja. Chini ya hapo ni pigo moja. Ushindi wa tatu humtuliza, na pigo la tatu humwua. Namba 1 huhesabiwa kuwa mapigo mawili, na 20 humwinua papo hapo. Kanuni hizi zimejengwa kwa utaratibu wa ngano: idadi ya tatu, urudiaji, na uwezekano wa mgeuko wa ghafla. Taharuki yake haitokani na ufundi wa msimamizi. Inatokana na idadi ya hatua.

Wakati huo ndipo imani hushika nguvu zaidi. Dadu hubadilishwa, wengine huombwa wasiguse meza, na mzaha hupungua. Ikitokea 20, hakuna anayesema kwamba uwezekano wa asilimia 5 umetimia. Husemwa kwamba siku zake hazijafika. Kuanzia hapo vikao vilivyopita husomwa upya: kiapo alichoapa miezi mitatu nyuma, ambacho kilikuwa porojo, kinakuwa ndicho kilichomrudisha. Bahati imekuwa majaaliwa, na sanamu ya Mitys imeanguka mahali pake.

Ulinganisho na ramli unaweza kusaidia hapa, mradi usivutwe kupita kiasi. Katika Pwani ya Afrika Mashariki neno bao hutaja mchezo, na kupiga bao huweza kuwa kupiga ramli. Lugha yenyewe imeviweka viwili hivyo karibu. Ramli ina alama 16 zinazopatikana kwa nasibu, lakini kinachomfaa mteja ni masimulizi ya msomaji wa alama hizo. Vivyo hivyo Ifa ya Wayoruba ina odu 256, na kila moja ina beti na visa vyake. Katika mifano yote miwili nasibu huchagua, na fasihi hueleza. Tofauti ni kwamba mpiga ramli huiuliza nasibu jambo linaloaminiwa kuwa limekwisha kupangwa, ilhali mchezaji anajua kwamba hakuna kilichopangwa hadi dadu isimame. Mpangilio huja baadaye, na huja kwa usimulizi.

Mipaka ya Imani

Hoja hii isichukuliwe kuwa utetezi wa kila tabia. Imani za dadu zina upande wa kukwepa. Mchezaji aliyempeleka mhusika wake peke yake katika pango la joka, kisha akaifunga dadu jela, ameuhamisha uzito wa uamuzi wake. Kifo kilichotokana na kiburi, ambacho tanzia ingekifanya kiini cha dhamira, kimepunguzwa kuwa kosa la kipande cha plastiki. Katika hali hiyo imani inaiba maana badala ya kuizalisha. Kigezo cha tathmini, basi, ni kuuliza imani inampa mhusika historia, au inamwondolea.

Mpaka wa pili unahusu uaminifu. Katika baadhi ya vikundi, msimamizi hurusha dadu nyuma ya pazia la karatasi na kubadilisha matokeo kimyakimya ili hadithi isiharibike. Wanaolitetea jambo hili husema kwamba wanaulinda msuko. Kwa hakika wamemrudisha mtunzi anayejua yote bila kuwaarifu wenzake. Mchezaji anayebusu dadu yake kabla ya kuirusha anaheshimu nasibu zaidi ya msimamizi huyo, kwa kuwa anaamini kwamba matokeo yatasimama yalivyo. Mwaka 1991 mchezo wa Erick Wujcik uitwao Amber uliondoa dadu kabisa. Huo ni uamuzi wa wazi, nao unathibitisha hoja kwa upande wake: pasipo nasibu ya kupokelewa, imani hizi hazina kazi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba imani za dadu zinaeleweka vyema zaidi zikisomwa kama kazi ya kifasihi inayofanywa na wasimulizi wa pamoja. Ugunduzi huu unamhusu pia mhakiki. Uhakiki wenyewe umejengwa juu ya dhana kwamba hakuna kilicho cha bure katika matini: jina la mhusika, rangi ya nguo na mvua ya sura ya tatu vyote huhojiwa maana yake. Mtu wa nje angeweza kuuita utaratibu huo ushirikina. Mhakiki hujitetea kwa kusema kwamba matini ina mtunzi. Mchezaji wa mezani hana utetezi huo. Anajua kwamba hakuna aliyeikusudia ile 1, na hata hivyo anaisoma, anaipatia mwenyewe, na anaishi na matokeo yake hadi kikao kinachofuata.

Kwa sababu hiyo, sadfa haistahili kuhukumiwa kwa kule kutokea tu. Inastahili kuhukumiwa kwa namna inavyopokelewa na yale yanayoifuata. Sadfa inayomaliza tatizo na kusahaulika ni udhaifu wa mtunzi, awe ameshika kalamu au dadu. Sadfa inayobebwa, ikawa jeraha la mhusika au deni lake, imekwisha kuwa msuko.